Alama Tano kwa Mpagazi

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Kanyenye,
Tabora.

Kwa:
Mhariri,
Jarida la Dole Gumba,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUSAHIHISHWA UPYA KWA GEMU IITWAYO "BEGA"

Ndugu Mhariri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na vidole vyako, maana nasikia ndivyo vinavyowapatia riziki huko kwenu. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kulia, nalo nitalieleza.

Jina langu ni Apolinaria Bundala, umri miaka sitini na sita. Nilifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo niliitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Sisemi haya kwa majivuno. Nasema ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu anayejua alama ni kitu gani. Alama si maoni, Ndugu Mhariri. Alama ni kiapo. Nimewahi kukosa usingizi siku mbili kwa sababu ya nusu alama ya mtoto wa Nzega nisiyemjua hata jina.

Hii ni barua yangu ya tano kwako. Nne za kwanza hazikujibiwa, isipokuwa ya tatu, ambayo ilijibiwa na mashine. Ilinishukuru kwa kujiunga na familia ya wacheza gemu, kisha ikaniuliza kama nimetimiza miaka kumi na minane. Nimetimiza.

Sasa nieleze. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa goti, na daktari akaniamuru nikae miezi mitatu bila kutembea umbali wowote wa maana. Katika chumba changu cha uani alikuwa amepanga binti mmoja, Recheli Festo, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, Moraviani, mpole, niliyemfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Alisomea kompyuta chuo kikuu, akarudi Tabora, na kwa miaka mitatu alikuwa akitengeneza gemu peke yake humo chumbani. Siku ya nne ya kukaa kwangu kitini akaniletea sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na pedi ya kuchezea, akaichomeka kwenye televisheni yangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwa kuwa huku huwezi kutembea, naomba unisaidie kutembea humu."

Nilimwambia mimi ni mtu mzima. Akasema ndiyo maana kanichagua, vijana hawana subira.

Kwa faida ya wasomaji wako, ambao hawakuambiwa, nieleze gemu yenyewe. Bega ni gemu ya mpagazi mmoja wa Kinyamwezi, enzi za misafara, anayebeba pembe ya ndovu kutoka hapa Tabora kwenda pwani. Hana bunduki. Hana farasi. Ana mabega mawili. Ukibonyeza kushoto, mzigo unahamia bega la kushoto. Ukibonyeza kulia, unahamia la kulia. Ukisahau kuhamisha, anaanza kuchechemea, na akichechemea sana msafara unamwacha porini. Mbele anatangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akiimba, na wapagazi wanaitikia. Ukiusikiliza wimbo wake vizuri unajua kama maji yako karibu au bado. Mambo ndiyo hayo tu. Nilimkosoa Recheli kwa kalamu nyekundu makosa kumi na moja ya jiografia, akayasahihisha yote, na mwisho wa miezi mitatu nilikuwa nimeimaliza mara mbili.

Jirani yangu Bwana Thabit Hamoudi, mwenye duka la vitambaa, alikuja siku moja kunijulia hali akaiona. Bwana Thabit ana miaka sabini na miwili, na ukoo wake umefanya biashara hapa mjini tangu misafara yenyewe. Alikaa "dakika mbili tu." Alasiri ilimkuta pale pale, pedi mkononi, jasho usoni. Ndani ya gemu yuko tajiri wa msafara ambaye, wakifika Ugogo, anawapunguzia wapagazi posho ya kitambaa. Bwana Thabit alikasirika mpaka akasimama.

"Huyu mtu ana roho gani? Watu wamebeba mizigo yake siku arobaini!"

Nikamwambia, "Bwana Thabit, tazama kilemba chake. Huyo ni wa kwenu."

Alitazama. Akaweka pedi chini, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Inawezekana, Mwalimu. Nyumbani walitusimulia habari za pembe. Za mabega hawakutusimulia." Akaiokota pedi akaendelea. Tangu siku hiyo ameimaliza mara tatu, na dukani kwake hamna mchukuzi anayebebeshwa marobota mawili kwa mpigo.

Hiyo ndiyo gemu ambayo jarida lako, kupitia mhakiki anayejiita Yoramu wa Pedi, limeipa alama tano kwa kumi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

La kwanza. Mhakiki hakuimaliza gemu. Nina ushahidi. Ameandika kwamba "mchezaji hana mwenzake wa safari." Siku ya kumi na mbili anatokea Kashindye, mpagazi kijana mwenye mzigo wa shanga, na hakuachi tena. Anakusimulia habari za mama yake, anakuonyesha mizizi ya kutafuna. Baadaye anaugua, na wewe unaamua: uubebe mzigo wake juu ya wako, au umwache chini ya kichaka na kibuyu cha maji. Bwana Thabit ameubeba mara zote tatu, na mara moja nusura afe yeye. Mtu aliyekutana na Kashindye hawezi kuandika kwamba hakuwa na mwenzake. Kwa hiyo mhakiki aliacha kabla ya siku ya kumi na mbili. Safari ina siku tisini. Amesoma swali la kwanza, akasahihisha karatasi nzima.

La pili. Ameandika, nanukuu: "Hatua ya tatu, Mgunda Mkali, imejaa utupu." Ndugu Mhariri, Mgunda Mkali ni nyika. Wazee wetu waliipa jina hilo kwa sababu hapakuwa na maji, kijiji wala mtu. Imejaa utupu kwa sababu ni Mgunda Mkali. Angeandika pia kwamba ziwa limejaa maji, tungejua ameanza kuelewa.

La tatu, nalo limenichukua wiki mbili. Nilisoma uhakiki wote mliochapisha mwaka uliopita, gemu mia moja na kumi na mbili, nikaupanga kwenye jedwali kwa rula. Gemu mia moja na nne zimepata kati ya saba na tisa. Katika kituo cha kusahihishia, mtu ambaye karatasi zake zote zimefanana alama huitwa pembeni akaulizwa kama anaumwa. Iko gemu moja ambayo mhakiki wako ameandika kwamba iliizima kompyuta yake mara sita na kufuta kazi ya ofisini ya mke wake. Imepata saba. Yaani gemu iliyofuta kazi ya mke wa mtu imemshinda mpagazi wetu kwa alama mbili. Nilimpigia simu mke wa mtu ninayemfahamu nikamuuliza angeipa ngapi. Siwezi kuandika jibu lake.

La nne. Lalamiko la nne nimelifuta, kwa sababu Bwana Thabit amelisoma akasema linaweza kunifikisha mahakamani. Nambari nimeiacha ili ujue lilikuwepo.

La tano. Tuzo za Dole Gumba. Tulizitazama mubashara Jumamosi alasiri dukani kwa Bwana Thabit, mimi, yeye na mkewe Bimdogo, kwa bando lake. Bega ilikuwa inawania Gemu Bora ya Mtengenezaji Mdogo. Recheli alipanda basi kwenda Dar es Salaam akiwa na gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, na hotuba ya dakika mbili ambayo tulikuwa tumeifanyia mazoezi mpaka Bimdogo akaijua kwa moyo.

Nilikuwa na saa mkononi, kama msimamizi yeyote wa mtihani. Mwimbaji aliimba dakika kumi na nne. Tangazo la simu lilichukua dakika sita, likarudiwa. Tuzo ya Gemu Inayosubiriwa Kuliko Zote, kwa mwaka wa tatu mfululizo, ilikwenda kwa gemu ambayo haipo. Nimeuliza watu watatu, wamenithibitishia: haijatengenezwa. Kwetu mtahiniwa asiyekuja kwenye mtihani huandikiwa "hakufika." Hapewi nishani mara tatu, na wala watu hawamsimamii wakalia.

Tuzo ya Recheli ilisomwa kwa sekunde kumi na moja, watu wakiwa wanakwenda kuchukua juisi. Majina ya washindani hayakutajwa. Ilishinda gemu ya kuku wanaorushiana makombora, ya kampuni ile ile iliyoleta juisi. Recheli walikuwa wamemkalisha nyuma ya nguzo. Kwa saa tatu nzima tuliona kiwiko chake mara moja tu.

"Ule mkono ni wa Recheli!" Bwana Thabit akapiga kelele.

Bimdogo akakipigia kile kiwiko vigelegele. Ndizo shangwe pekee alizopata.

La sita. Jarida lako ndilo linalohakiki gemu, ndilo linalotangaza gemu, na ndilo linalozitunuku. Mpishi, mwonjaji na mwenye njaa ni mtu mmoja. Sina la kuongeza.

La saba, na ndilo lililonikalisha mezani. Recheli alirudi Tabora Jumatatu. Alinisalimia, akafua lile gauni, akalianika. Siku ya Alhamisi akaifunga kompyuta yake ndani ya kanga mbili, akaniambia anakwenda Urambo kumsaidia baba yake kufunga tumbaku. Nilimuuliza atarudi lini. "Nitakwambia, Mwalimu." Sehemu ya pili ya gemu, aliyokuwa ameianza, hakuigusa tena. Hiyo ni miezi saba sasa. Mzee Festo amenipigia mara mbili kuniambia kwamba binti anafanya kazi vizuri sana, na kwamba hapendi anavyofanya kazi vizuri hivyo. Sababu hakuna aliyeitaja, lakini mimi naijua. Ni alama tano.

Sasa nikueleze lililotokea mwezi uliopita, ili usije ukasema tunamhukumu mtu bila kumsikiliza.

Yoramu wa Pedi alikuja Tabora kwenye harusi ya binamu yake. Asubuhi ya harusi aliingia dukani kwa Bwana Thabit kutafuta kitambaa cha mfukoni cha kufanana na suti. Bwana Thabit alimtambua kutokana na picha ndogo inayotokea juu ya uhakiki wake, akamwambia kitambaa cha rangi hiyo kipo stoo, akae anywe kahawa kikitafutwa. Kisha akanitumia ujumbe wa neno moja: "Njoo." Nilipanda bodaboda, goti na yote.

Nilimkuta ni kijana mwembamba mwenye adabu, nakiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Yoramu wa alama tano?"

Alimtazama Bwana Thabit. Akautazama mlango. Bimdogo alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na ungo wake ni mpana.

"Alama tano za gemu gani, mama?"

Ndugu Mhariri, hapo ndipo nilipoumia kweli. Hakuikumbuka. Nilipomtajia Bega alifikiri, akasema, "Ah, ile ya kutembea." Nikamwambia ndiyo, ile ya kutembea. Keti.

Alicheza tangu saa nne asubuhi. Mwanzoni alikuwa akitazama simu yake kila baada ya hatua chache, na mpagazi wake akaachwa na msafara mara mbili. Mara ya tatu aliigeuza simu kifudifudi. Mgunda Mkali aliivuka bila kuinua macho. Alipokutana na Kashindye alitabasamu, na Kashindye alipoanza kukohoa akageuka akaniuliza, "Mama, huyu atapona?" Msimamizi hajibu maswali. Aliubeba mzigo wa Kashindye. Nilimwona akihamisha mzigo bega la kushoto, la kulia, la kushoto, midomo ikiwa inahesabu, na huku nje magari ya harusi yakipita yanapiga honi. Bwana harusi alimpigia simu mara nne.

Saa kumi akaweka pedi chini, dole gumba limemvimba, akasema lazima aende walau akapige picha. Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivi mwanzo.

"Mama, wiki moja napewa gemu tatu. Kila gemu saa mbili, na uhakiki uwe mtandaoni Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ukichelewa, watu wameshasoma kwa mwingine."

"Nani anayekupa saa mbili?"

"Mhariri."

Ndiyo maana barua hii inakuja kwako.

Gemu aliimalizia kwenye treni akirudi Dar es Salaam, akaniandikia: "Mama, nimefika pwani. Ni tisa." Nikamwandikia, kwa nini si kumi? Akajibu kwamba kumi inahitaji idhini yako, na kwamba kwa vyovyote tano haiwezi kubadilishwa, kwa sababu iliyochapishwa imechapishwa. Hata baraza la mitihani lina dirisha la rufaa, Ndugu Mhariri. Ninyi mmejenga nyumba isiyo na dirisha.

Kwa kuwa mambo ni hayo, naomba kwa heshima yafuatayo yatekelezwe:

(a) Alama tano zifutwe, na Bega isahihishwe upya na wahakiki wawili wasiojuana, kila mmoja kwa kalamu yake, chini ya msimamizi. Nipo.

(b) Kila uhakiki uambatanishwe na tamko la mhakiki kwamba gemu ameimaliza hadi mwisho, lenye sahihi ya shahidi na mhuri wa mtendaji wa kata. Mtu anayetoa alama bila kufika mwisho asiruhusiwe kutoa alama ya kitu chochote, hata chai.

(c) Wahakiki wote wa gemu nchini wafanye mtihani wa kitaifa wa karatasi mbili, simu zikiwa nje. Karatasi ya kwanza, maswali ya kuandika. Neno "msisimko" likitumiwa zaidi ya mara moja, alama zikatwe.

(d) Karatasi ya pili iwe ya vitendo. Wahakiki pamoja na majaji wa tuzo wasafirishwe hadi Tabora, kila mmoja akabidhiwe mzigo wa kilo thelathini, na watembee kwa miguu hadi Bagamoyo kwa njia ya zamani. Bwana Thabit amekubali kutoa marobota. Mimi nitafuata kwenye gari kwa sababu ya goti, nikiwa mtahini wa nje. Atakayehamisha bega bila kukumbushwa apewe alama za ziada. Atakayetua mzigo katikati ya nyika akaandika kwamba imejaa utupu apewe sifuri, aendelee. Wewe, Ndugu Mhariri, utatangulia mbele kama kirangozi, na utaimba. Nashauri uanze kujifunza nyimbo mapema.

(e) Tuzo za mwaka ujao zifanyike Tabora, katika ukumbi usio na nguzo.

(f) Ombi (d) likionekana gumu, niko tayari kulijadili, kwa maana ya kupunguza mzigo hadi kilo ishirini na nane.

Najua utasema ni gemu tu. Watu wengi wameniambia hivyo, hata paroko wangu. Lakini karatasi ya mtoto wa Nzega nayo ilikuwa karatasi tu. Binti amekaa miaka mitatu kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi akiwafundisha watu uzito wa kitu kwa kutumia vidole viwili, na akampata mzee wa miaka sabini na miwili akakiona alichokuwa hajawahi kukiona. Halafu mtu anampa nusu, ndani ya saa mbili, kisha anasahau. Kama hilo ni dogo, basi niambie kubwa ni lipi, nami nitaandika barua ya sita.

Naweka kalamu chini, nyekundu pamoja na ya bluu, nikingojea majibu yako ndani ya siku kumi na nne. Nisalimie wahakiki wote na macho yao yaliyochoka, mwimbaji wa dakika kumi na nne, kuku wa makombora na waliowaleta, na mashine iliyonijibu barua ya tatu. Iambie goti linaendelea vizuri. Bwana Thabit anakusalimu. Bimdogo hakusalimu, lakini hajakataza kusalimiwa.

Wako katika haki na usahihi,

Apolinaria Bundala (Mwalimu Mstaafu)

Baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, bahasha nimeifungua tena, uniwie radhi kwa gundi.

Kabla ya kuipeleka posta nilimpigia Recheli simu nikamsomea barua nzima, ili kama nimekosea jambo la kitaalamu anisahihishe. Kwenye ombi (d) alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi saba. Nilipomaliza akaniuliza:

"Mwalimu, unasema mmeimaliza?"

"Mimi mara mbili. Bwana Thabit mara tatu."

"Mkifika pwani huwa mnafanya nini?"

Nikamwambia tunafanya kama watu wote: jina lake linaanza kupanda kwenye kioo, tunapiga makofi, tunazima televisheni.



"Jina likiisha kupanda," akasema, "mpagazi bado yuko pale ufukweni, mikono mitupu. Ukibonyeza, anageuka. Mwalimu, ile ni nusu. Nusu nyingine ni kurudi."

Kumbe ile "sehemu ya pili" haikuwa kitu cha kungoja kutengenezwa. Ilikuwemo humo humo tangu siku ya kwanza. Na kumbe alama tano hazikuwa na neno. Anasema zilimchekesha, na kwamba Yoramu alipoandika kuwa kitufe cha kuhamisha bega kinachosha vidole alikuwa na haki, akakirekebisha wiki ile ile. Kiwiko pia hakikumuuma. Kilichomfungisha kompyuta kwenye kanga ni kitu kingine. Gemu ikichezwa, mashine yake inahesabu kila mtu alipofika. Watu mia tatu na kumi na wawili wamefika pwani. Waliorudi Tabora, hakuna hata mmoja.

"Nilidhani nimeandika vibaya," akaniambia. "Kisha nikadhani labda hakuna anayetaka kurudi."

Ndugu Mhariri, babu mzaa babu yangu alikwenda pwani na kurudi mara saba. Asingerudi ile ya saba, nisingekuwepo nikakuandikia. Yoramu ni mtu wa mbali, tumsamehe. Lakini mimi na Bwana Thabit tumezaliwa Tabora, tumezeeka Tabora, na hatukukumbuka kwamba mpagazi ana kwao. Nimetoa kumi kwa upande mmoja wa karatasi.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, pamoja na lile la nne lisilokuwepo, uyahesabu kuwa hayakuandikwa. Kwa mujibu wa ombi (b) siruhusiwi kutoa alama ya chai. Ombi (d) libaki, ila jina langu lihamishwe kutoka kwa watahini kwenda kwa watahiniwa.

Bwana Thabit nilimwambia jana asubuhi. Alifunga duka bila kuniuliza swali la pili. Tunarudi Tabora sote ndani ya gemu, yeye kwenye televisheni yake na mimi kwenye yangu. Safari ya kurudi mzigo ni mwepesi, kitambaa kidogo cha kupeleka nyumbani, hivyo hakuna bega la kuhamisha. Vitufe vile viwili sasa vinamfanya mpagazi awasalimie watu anaopishana nao njiani, kushoto na kulia. Yoramu nilimwandikia neno moja tu: "Geuka." Recheli amenipigia leo asubuhi kuniambia kwamba kompyuta ameifungua, na kwamba kwenye ramani yake kuna nukta tatu zinazoelekea magharibi. Ya mbele ni ya Yoramu, ana vidole vyepesi. Ya katikati ni ya Bwana Thabit.

Ya nyuma kabisa, inayosimama kila mahali, ni yangu. Sijaachwa. Nasalimia watu.

A.B.